Usikisugue: kidude cheusi cha upanga wa Kijapani kilichonifikia Ngamiani

Wiki tatu hizi nimekuwa kimya humu, walioniulizia naomba radhi, kuna kitu kimeniteka akili na kila nikikaa niandike habari za vipuli na bangili naona mkono hautaki, kwahiyo leo nakiandika chenyewe nikitoe moyoni.

Mnaonijua mnajua mi ni sonara, fremu yetu iko hapa hapa Ngamiani, Tanga, nafanya kazi na mjomba wangu ambaye ndo aliyenifundisha kushika nyundo. Kazi zetu siku hizi nyingi ni za kuunga tu, mkufu umekatika, hereni imepoteza kijiti, pete imebana mwenyewe kanenepa. Sasa Alhamisi moja baada ya alasiri akaja mzee wa mtaani kwetu, baharia mstaafu, wazee wa Tanga wa rika lake mnawajua, ukikaa nao barazani kwenye kahawa utasikia Hamburg, utasikia Bombay, utasikia Kobe. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akatoa mfukoni leso iliyopigwa fundo, akafungua.

Ndani kuna kidude cheusi, bapa, kinakaa vizuri kwenye kiganja, unene kama sarafu mbili tatu zilizobebana. Si duara kamili, ni duara lililominywa pande nne likawa kama ua. Katikati kuna tundu refu lenye ncha upande mmoja, pembeni yake tundu jingine la nusu mwezi. Na upande wa mbele kuna mawimbi yamenyanyuka, juu ya mawimbi ndege watatu wadogo wa dhahabu wanaruka. Nikawatambua papo hapo, ni kama vitwitwi wetu wale wanaokimbiakimbia mchangani Raskazone maji yakipwa.

Mzee akasema alikinunua Kobe, Japani, duka la vitu vikuukuu karibu na bandari, meli yao ikiwa inapakua, miaka ya sabini, na tangu arudi nacho marehemu mkewe alikuwa anakiwekea juu ya karatasi zisipeperushwe na feni. "Nisafishie mwanangu, kiwake. Mjukuu anaoa, nataka nimpe."

Nikachukua dawa ya kung'arishia na kitambaa nikaanzia pembeni kwenye ukingo. Sikumaliza hata dakika. Weusi ukatoka, sehemu kama punje ya mahindi hivi, na chini yake ikanitazama shaba nyekundu, mbichi kabisa, kama kidonda kilichobanduliwa kigaga. Nikasimama. Uchafu wa shaba naujua, unatoka kama tope na unaacha kitambaa kina ukijani, huu ulitoka kama ngozi.

Mjomba akakichukua, akavaa lenzi yake, akainama nacho chini ya taa muda mrefu mpaka adhana ya magharibi ikaanza, alafu akasema, "Wewe, hii nyeusi si uchafu. Hii nyeusi imefanyiwa kazi."

Akanipa lenzi nami nione. Ile sehemu ya nyuma ya mawimbi, ambayo kwa macho matupu unaiona kama kitambaa kilichofifia, kumbe yote ni vitone. Vitone vya mviringo vimesimama safu kwa safu, kila kimoja kama chembe ya hamira, vimefuata ukingo wa wimbi bila kulipanda, vimezunguka miguu ya ndege bila kuigusa. Nilihisi mikono inanitetemeka mana mi nilikuwa nimekwisha kuondoa weusi wa safu nne tano za vitone pale pembeni kwa kitambaa na haraka yangu.

Usiku ule nikanunua bando nikakesha. Kidude kinaitwa tsuba, ni kikinga mkono cha upanga wa Kijapani, kinakaa kati ya mpini na ubapa ili kiganja kisiteleze kikaenda kwenye makali, na uzito wake unasaidia upanga ukae sawa mkononi. Zipo za chuma, na hizo za chuma kutu yake nzuri ya kahawia iliyokomaa inatunzwa, haiondolewi hovyo. Na zipo za metali laini kama hii ya mzee, na hapa ndo nilipoinuka kitandani nikakaa.

Metali yenyewe inaitwa shakudo. Ni shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, kawaida kama asilimia 3 mpaka 5. Ikitoka kwenye moto ni nyekundu tu kama shaba yoyote, na hata jina lake kwa Kijapani maana yake ni shaba nyekundu. Alafu kifaa kikishakamilika, nakshi zote zimekwisha, fundi anakisafisha mpaka kisiwe na hata mafuta ya kidole, anakipaka maji ya figili nyeupe iliyokunwa, ile figili ndefu, anakichemsha kwenye maji yenye kutu ya kijani ya shaba na chumvi nyingine za shaba, anakitazama hakiachi. Shaba tupu ikipita humo inatoka ya kahawia au nyekundu. Yenye dhahabu ndani inatoka nyeusi yenye ubuluu, weusi wa bawa la kunguru likipigwa na jua. Na jina lake jingine la zamani, nilipoliona nikacheka peke yangu gizani kwa furaha, ni dhahabu ya kunguru.

Asubuhi namweleza mjomba. Tulikuwa tumekwisha kukipima kwenye mizani, gramu 142, ukipiga asilimia 4 ni karibu gramu 6 za dhahabu, pete mbili nyembamba za ndoa hizo, zimeyeyushwa humo na huzioni.

"Dhahabu uitie kwenye shaba ili iwe nyeusi?"

"Ndio mjomba."

"Na mwenye upanga analipia?"

"Analipia."

Hakusema kitu, aliendelea kupuliza moto wake, lakini nilimwona mchana wote anakiendea pale kwenye leso anakitazama anarudi. Sisi watu wa dhahabu tumezoea mteja anataka ionekane, ing'ae mpaka barabara ya pili, na hatumlaumu mana ndo mali yake. Sasa huyu mwenzetu wa Japani aliitia dhahabu nyingine ndani kabisa ipotee, ili dhahabu ile kidogo ya juu, mabawa ya ndege watatu tu, ipate giza la kung'aria. Weusi ule ungekuwa wa rangi ya kupaka ungebanduka zamani sana, huu umeota kutoka kwenye metali yenyewe, ni mwembamba mno na ndo mana kitambaa changu kiliumaliza.

Vile vitone vinaitwa nanako, maana yake mayai ya samaki, na kweli ukiona mayai ya samaki yamebanana kwenye mfuko wake ndo hivyo hivyo. Kila kitone ni pigo moja la nyundo juu ya tindo ndogo ambayo ncha yake imechimbwa kibakuli. Pigo moja, sogeza, pigo moja, sogeza. Ukipiga kwa nguvu zaidi kidogo kitone kinakuwa kikubwa kuliko mwenzake, ukiinamisha tindo kinakuwa nusu. Hakuna kufuta. Walikuwepo mafundi ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu, kupiga vitone, wachonga ndege na mawimbi ni watu wengine.

Ukoo uliosifika sana kwa kazi hii ya shakudo na vitone na dhahabu ni wa Goto, ulioanzia na Goto Yujo, aliyezaliwa 1440 akafariki 1512, wakafanya kazi kwa watawala wa kijeshi, mashoguni, vizazi 17 mfululizo. Ukoo huo huo ulipewa hata kazi ya kutengeneza sarafu kubwa za dhahabu zinaitwa oban, mana mtu anayeaminiwa na upanga wa mtawala anaaminiwa na hazina yake pia. Kidude cha mzee hakina jina la fundi popote, nimetafuta mbele na nyuma.

Lakini kina kitu kingine nilichokipenda kuliko hata ndege. Lile tundu la katikati, juu na chini, limepachikwa vipande viwili vya shaba laini, na kuzunguka tundu kuna alama za tindo, mapigo manne matano ya haraka, mabaya mabaya, kama mtu asiyejali urembo. Nilidhani kimeharibiwa. Kumbe ndo ushahidi kwamba kilifanya kazi. Tundu lazima libane kabisa shina la upanga, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, upanga ukibadilika tundu halifai tena, kwahiyo fundi anapachika shaba laini au anagonga metali iingie ndani kidogo ibane, na alama zenyewe upanga ukishavaliwa zinafunikwa na vibati viwili vyembamba vinavyokaa huku na huku. Maana yake hiki huenda kimevalishwa panga zaidi ya moja. Na ndo ilivyokuwa, ubapa unaweza kuwa umefuliwa karne kadhaa nyuma, mapambo yake yakabadilishwa kila wakati, mwenye nao akipata cheo, fasheni ikigeuka, mpini ukichakaa. Ubapa ni mwili, haya mengine ni mavazi. Hata leo upanga wa thamani unalazwa kwenye ala ya mbao nyeupe isiyopakwa kitu, kanzu ya kulalia, na mavazi yake ya heshima yanawekwa kando yameshikizwa kwenye ubapa wa mbao.

Sasa mavazi yenyewe, nitawaelezea mpini mana ndo ulionipeleka Deep Sea, kwenye mnada wa samaki, alfajiri.

Mpini ndani ni mbao, vipande viwili vimegandishwa, na juu yake unafunikwa ngozi ya taa. Taa huyu huyu wetu, samaki bapa mwenye mkia. Nilivyosoma hivyo nikaona lazima nimguse. Nikaenda mnadani Deep Sea nikakuta mvuvi kashusha taa wawili wakubwa, nikaomba nipitishe kidole mgongoni, akaniangalia sana mana watu huuliza bei kwanza. Upande mmoja unateleza kama sabuni. Katikati ya mgongo lakini kuna vipele, vigumu, vimebanana, kidole kinakwama. Wajapani wanaikausha ngozi ile, inakuwa nyeupe na vipele vyake vinakaa kama punje za lulu, na fundi anapanga kabisa ile sehemu yenye vipele vikubwa ije sehemu ya juu ya mpini ionekane. Alafu unazungushiwa utepe wa hariri kwa kuvukanisha, unaacha madirisha ya umbo la almasi, na vipele vile ndo vinavyoukamata utepe usisogee hata mkono ukiloa jasho. Nyingi ya ngozi hizo walikuwa wanaagiza kwa meli kutoka nchi za nje. Mi nimekula taa wa kukausha na wali tangu mtoto na sikuwahi hata mara moja kumpapasa mgongo.

Chini ya ule utepe, kila upande, kuna pambo moja dogo la metali, menuki, refu kama kidole cha mwisho. Simba, kamba mkubwa wa baharini, ua, farasi. Limechongwa mpaka kucha na mawimbi ya manyoya. Na linafungwa na utepe juu yake! Unaliona nusu tu, linachungulia kati ya msuko. Linajaza kiganja mpini usizunguke, na anayelijua lote ni fundi na mkono wa mwenye upanga.

Kitu kingine ni habaki, koti dogo la shaba, mara nyingi limevikwa dhahabu au fedha, linakaa kwenye ubapa mbele tu ya kikinga mkono. Linafuliwa kwa ajili ya upanga mmoja tu, haliendi kwa mwingine. Upanga ukiwa ndani ya ala, ni habaki peke yake inayobana mdomoni, makali hayagusi mbao, na ubapa hautoki wenyewe mpaka uusukume kwa kidole gumba. Niliwahi kutengeneza kijisanduku cha fedha chenye kifuniko cha kubana hivyo, nilirudia mara sita, na kile kilikuwa cha mraba! Huu ubapa umepinda, unapungua unene kuelekea ncha. Na mpini mzima, na ngozi ya taa na hariri na dhahabu, unashikwa na shina kwa kijiti cha mwanzi. Kimoja mara nyingi. Ukikigonga kikatoka kila kitu kinafunguka.

Ala nayo inapakwa utomvu wa mti wa kwao, tabaka juu ya tabaka, na mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho mbichi akaungua vidole atanielewa, utomvu ule nao unawasha ngozi vibaya sana. Unakauka penye unyevunyevu, si penye jua, wanauweka kwenye kabati lenye unyevu. Hewa ya Tanga ingewafaa.

Habari za ubapa wenyewe sitakaa nazo sana mana vidio zimejaa mtandaoni na zote zinaonesha mtu anakata mwanzi. Kwa kifupi, chuma kinatoka kwenye mchanga wa chuma na makaa, tanuru la udongo linawaka siku tatu usiku na mchana. Kinafuliwa kinakunjwa kinafuliwa, ukikunja mara 10 tu una matabaka 1,024. Alafu unapakwa udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, unatiwa motoni unatumbukizwa majini. Makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki na unyumbufu, na hapo hapo majini upanga unajipinda wenyewe. Mwingine unapasuka, na miezi ya kazi imekwenda. Ile njia ya mawingu meupe unayoiona kandokando ya makali ndo mpaka wa udongo ulipoishia. Na shina lake, lile linaloingia kwenye mpini, kutu yake haiguswi kamwe, wajuzi wanasoma umri wa upanga kwenye rangi ya kutu hiyo na jina la fundi, kama lipo, linachongwa hapo hapo. Nilipofika kwenye hiyo habari ya kutu nilifunga simu kwa muda.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa jeshi, polisi na maofisa kwenye sherehe zao. Fikiria wewe ni fundi wa vitone, babu yako wa vitone, unaamka asubuhi hakuna anayehitaji kikinga mkono. Vitu vikauzwa kwa wageni kwa wingi, ndo mana leo ukitaka kuviona vizuri unafungua picha za makumbusho ya New York na Boston, na ndo mana duka la vikuukuu bandarini Kobe likawa na kimoja cha kumuuzia baharia wa Kitanga. Wapo waliohamia kwenye vasi, visanduku, vitu vya kuuza nje. Kano Natsuo, aliyezaliwa 1828 Kyoto, fundi mkubwa kabisa wa tsuba wa zama zake, alichonga sura za sarafu mpya za nchi, baadaye akafundisha chuo cha sanaa Tokyo mpaka alipofariki 1898.

Hiyo nilimsomea mjomba kwa sauti. Akaniambia kitu ambacho miaka yote hakuwahi kuniambia, kwamba baba yake alikuwa anapokea majambia ya maharusi kabla ya kila msimu, bwana harusi havai joho na kilemba bila jambia kiunoni, na fedha ya kwenye ala inalegea, kwahiyo wiki mbili kabla ya Ramadhani duka linajaa majambia ya familia za watu. "Siku hizi wanakodi, ya bati." Akaenda stoo, akarudi na tindo saba za babu kwenye kopo la maziwa. Moja ina ncha yenye kibakuli.

Mzee akaja Jumanne. Nilimwambia yote, sikumficha, nikamwonesha pale nilipoharibu, nikamwambia sitajaribu kuirudisha kwa dawa zetu mana nitaongeza balaa, hiyo shaba itakolea giza yenyewe polepole lakini haitakuwa weusi ule. Nikampa na lenzi. Alikaa nayo mpaka nikaogopa. Alafu akasema, "Miaka hamsini nakiita kichuma." Akauliza mayai ya samaki ni yapi, nikamwonesha, akataka kuyahesabu. Pesa ya kazi sikuchukua, nikamshonea kifuko cha pamba, nikamsihi asikishike na mkono wenye chumvi na kisikae karibu na dirisha linaloelekea baharini. Mjukuu kapewa Jumamosi, na mzee mwenyewe ndo aliyemwelezea lile doa mbele ya watu, kwa jina langu.

Najua mji huu una nyumba nyingi za mabaharia. Kama baba au babu aliacha kitu cha namna hii kabatini, cheusi, kina tundu refu katikati, tafadhali usikitie limau, usikitie ukwaju, usimpelekee sonara akaking'arishe. Kifute na kitambaa kikavu laini basi, nitumie picha kwanza.

Ile tindo ya babu nimeinoa. Kila jioni tukifunga nabaki napiga vitone kwenye kipande cha shaba, bati la nne sasa. Jana safu ilifika 31 imenyooka, ya 32 ikateleza. Mjomba kasema nashika nyundo mbali sana na kichwa chake.